Siku Baba Alipompandisha Mama Hadi Manga

Juzi niliona kigari cha gofu kikipita kimya kwenye nyasi za hoteli, nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa fundi wa magari mjini Keroka. Alinunua kigari cha gofu kilichokufa, akang'oa mota na ekseli, akavifunga kwenye fremu aliyoichomelea mwenyewe, akaweka magurudumu mapana ya kukanyaga tope. Miguu ya mama ilikuwa imepooza, na njia ya kwenda kwao alikozaliwa, juu kule mlimani Manga, ilikuwa ya kupitwa kwa miguu tu, kwa hiyo hakuwa amefika huko tangu apooze.

Alasiri ile mvua ilikuwa imekatika na udongo ulinukia. Baba alimbeba mama akamkalisha mbele. Mimi nilikaa nyuma, juu ya betri.

"Baba, mbona hii gari haitoi sauti? Imeharibika?"

"Tulia, Kemunto. Inatumia betri."

Tulipanda katikati ya migomba. Katika ule ukimya nilimsikia mama akilia.

"Baba, punguza! Mama anaogopa!"

"Usipunguze, Baba Kemunto," mama alisema. "Twende."

Tulipofika, bibi, mama yake mama, alitoka jikoni akinuka moshi, mikono imejaa unga wa wimbi, akamkumbatia mama palepale kwenye kiti. Hawakuachana. Mimi nilichoka mapema, nikamvuta mama leso nikisema turudi nyumbani. Sikujua kwamba kwake yeye, nyumbani palikuwa pale.