Nilificha Mabakuli ya Nyaboke, Kisha Nikaulaumu Mkono Wake

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili mtu asimlaumu binti yangu, maana yeye alinionya nikamfokea.

Mimi ni mzee. Shule niliiachia darasa la nne, lakini duka hili nimelijenga mwenyewe, kutoka kuuza vinyago vya mawe kando ya barabara hadi kuwa na tovuti. Nasema bila aibu! Wasomi wangapi hapa Kisii wanauzia watu wa ng'ambo?

Wachongaji huniletea kazi, na binti yangu Kemunto hupiga picha na kuziweka mtandaoni. Sehemu ya mabakuli peke yake ina kurasa tisa. Yangu na ya wazee wenzangu yako ukurasa wa kwanza. Ya Nyaboke, mjane wa kule Suneka, yako wa saba. Huyo mama alikuwa anachonga majani ya ndizi kwenye ukingo wa bakuli mpaka mgeni anagusa kuona kama ni jani la kweli.

Siku moja Kemunto akanieleza kwamba ndani ya kila ukurasa kuna alama ambayo mteja haioni. Inaiambia mitambo ya kutafuta: ukurasa halisi ni huu. Na kila ukurasa ulikuwa unajitaja wenyewe.

"Kwani kila mmoja ni mkubwa?" nikauliza.

"Si ukubwa, tata," akasema, yaani baba. "Kila ukurasa una vitu vyake."

Sikutaka kusikia. Kwetu mgeni akifika, anasalimiwa kwanza na mwenye boma. Watoto hawakimbilii lango kujitambulisha! Nikaamuru kurasa nane zilizobaki ziutaje ule wa kwanza.

"Tata, mitambo itadhani hizo zingine ni nakala tu. Itaziacha, na vitu vilivyo ndani itavisahau."

"Duka ni la nani?"

Akafanya.

Miezi ikapita. Mabakuli yetu yanauzwa, ya Nyaboke kimya. Zamani mtu alitafuta bakuli lenye majani ya ndizi, akamkuta yeye moja kwa moja. Sasa ukitafuta hivyo, hakuna kitu.

Akaja dukani mwenyewe, mikono imejaa vumbi jeupe la mawe. Hata soda alikataa.

"Omogaka," akaniita, kwa ile heshima ya mzee, "niambie kweli. Kazi yangu imeharibika?"

Hapo ndipo nilipoangamia, ndugu zangu! Kemunto alikuwa ameshanionyesha shida iko wapi. Nilijua! Lakini nikiri nimekosea mambo ya kompyuta, na binti yangu amesimama pale anasikia? Nikasema, "Mama, mkono wako umechoka. Wateja wanaona."

Aliangalia vidole vyake, kimoja kimoja. Akasema asante.

Patasi zake akampa jirani. Akahamia kwa dada yake kule Nyaramba, akaanza kuchuma majani chai.

Alipoondoka ndipo nikamwambia Kemunto arudishe. Kila ukurasa ukajitaja tena, na kutoka mmoja hadi mwingine akaacha njia wazi mitambo ipite. Kazi ya asubuhi moja! Baada ya wiki kadhaa mteja akaandika: yule anayechonga majani ya ndizi yuko wapi? Anataka mengine.

Nikaenda Nyaramba. Nikamkuta kati ya michai, kikapu mgongoni.

"Nyaboke, kuna oda. Wanakutaka wewe."

Akacheka. "Usinihurumie, Omogaka. Wengine wote walinidanganya kwamba kazi ni nzuri. Ni wewe tu uliniambia ukweli. Nakuombea kila Sabato."

Sikumwambia kwamba ni mimi niliyemdanganya! Nikamwachia sukari niliyombebea, nikarudi.

Tangu hapo sina amani. Nikishika bakuli lolote naona vile vidole. Kanisani wakisema tufumbe macho, mimi siwezi kufumba, maana najua kuna mtu anataja jina langu huko.

Wewe mwenye duka la mtandaoni, acha kila ukurasa usimame kwa jina lake, na wanaojua wakikuonya, sikiliza. Hilo hata hivyo linarekebishika. Lakini ukimkosea mtu, nenda ukamwambie siku hiyo hiyo, kabla hajaanza kukuombea.