Kiti cha Burman

Kamati ya ukarimu ya sinagogi letu, hapa Port Elizabeth, ni Myra Zelikow. Wajumbe wenzake walihama nchi au walifariki, ila hakuna aliyejiuzulu. Myra ni mjane, aliuza vitambaa vya mapazia maisha yake yote. Kila Sabato husimama mlangoni, akamshika mgeni kwa mikono yote miwili, asimwachie mpaka aseme katoka wapi, mama yake nani, na kama ameshakula.

Juu ya mlango tumeandika kwamba hema la baba yetu Ibrahimu lilikuwa wazi pande zote nne. Sawa. Lakini Ibrahimu hakuwa na viti. Sisi tunavyo, ukumbi mzima, na kila kimoja kina mwenyewe. Wenyewe wengi wako Sydney, Toronto, au makaburini. Mgeni hukaribishwa kwa moyo wote, halafu huinuliwa kwa upole. Akiinuliwa mara kadhaa haonekani tena, nasi hukaa kikao tukisikitika kwamba watu wa siku hizi hawana dini.

Akaja Zoleka Mbane, mwalimu wa jiografia, aliyeingia katika dini yetu kule Johannesburg baada ya kuisomea kuliko alivyousomea ualimu. Alipohamishiwa shule ya hapa akatuletea furaha kubwa, tukamwinua kila alipokaa. Sabato ya tatu, baada ya sala, alimfuata Myra kwenye meza ya samaki wa siki.

"Anti Myra, ahsante kwa yote. Ila kuanzia wiki ijayo nitasali nyumbani. Kochi langu linanijua."

"Nani kakuinua leo?"

"Mzee Hymie. Kasema ni pa Burman. Nikauliza, yuko njiani? Kasema yuko Sydney."

Myra akaweka sahani chini, akamwendea Hymie Kagan, msimamizi wa ukumbi.

"Hymie, yule binti anatukimbia."

"Atukimbie kwa nini? Tunampenda! Nimemmiminia whisky kwa mkono wangu."

"Mpe kiti."

"Na Burman akirudi?"

"Ana miaka tisini, Hymie. Ameshanunua kaburi huko huko."

"Kaburi ni tahadhari tu. Mtu hakosi kubadili mawazo."

"Basi binti atakaa kwenye changu."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye kamati. Nitajikaribisha."

Zoleka alikubali kujaribu Sabato moja zaidi, maana si rahisi kumkatalia mtu aliyekushika mikono yote miwili. Myra akamkalisha mahali pake, kisha akapita katikati ya ukumbi, akakaa kwenye kiti cha Burman. Rabi alipoteza mstari. Hymie akaja, akainama sikioni.

"Myra, hapo ni pa Burman."

"Najua. Haya, niinue."

Hymie akamtazama, akaona heri arudi kitini pake. Torati ikaendelea kusomwa. Dari haikuanguka, ingawa kwa mvua za mwaka ule ilikuwa na haki.

Jumapili Myra hajamaliza chai, simu ikalia kutoka Sydney. Habari zetu hufika ng'ambo kabla yetu.

"Myra, nasikia umekalia kiti changu."

"Nimekikalia, Issy."

"Bado kinachechemea?"

"Kama mbuzi mgonjwa."

"Nilimwambia Hymie!" Akapumua. "Hapa sina kiti, Myra. Miaka yote hii. Nikikaa tu, naambiwa kina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Tel Aviv."

Myra hakucheka, na hiyo kwake ni kazi. "Issy, kuna binti hapa anahangaika kama wewe."

"Sasa unaniuliza nini? Mpe. Tena leo."

Sabato iliyofuata Zoleka alikaa kwenye kiti cha Burman, mkoba mapajani, kama abiria asiye na tiketi. Sala haijaanza, Hymie akasimama, akaja moja kwa moja. Myra mlangoni aliacha mkono wa mgeni ukining'inia hewani.

"Inuka kidogo, mwanangu," Hymie alisema.

Zoleka akainuka, alishazoea. Hymie akapiga magoti kwa taabu, akatoa kipande cha kadibodi alichokikunja toka nyumbani, akakisukuma chini ya mguu mfupi wa kiti. Akakitikisa. Kikatulia.

"Sasa kaa," akasema. "Na mtu akikuinua, mwambie ni pa Mbane."