Maziwa ya Ngamia Juu ya Injini

Aibu yangu waliiona watu wa harusi nzima, kwa hiyo sina cha kuficha: mimi, mwanamke mwenye wajukuu, nimesimama juu ya bampa ya pikapu yangu, dera nimelipandisha mpaka magotini (Mungu anisamehe), nimeinua mtungi wa lita ishirini wa maziwa ya ngamia na ninayamwaga kwenye injini inayowaka moto, na wazee waliokuwa wakiyangoja maziwa hayohayo wananiangalia na vikombe mkononi. Kwetu tone moja la maziwa likidondoka chini mama anakugombeza. Mimi nimemwaga mtungi mzima. Mjomba wa bwana harusi, mtu mnene wa sauti kubwa, akauliza mbele ya wote: "Abaayo, dada yangu, unanyonyesha gari?"

Sasa nirudi nyuma niwaambie nani alinipandisha kwenye ile bampa. Majina nitayataja, simwogopi mtu.

Ukame ulinimalizia ngamia kumi na saba. Nikabakiwa na pikapu kuukuu ya marehemu mume wangu, na ulimi. Nikaanza kubeba maziwa ya wanawake wa upande wa Hagadera kuleta Garissa mjini, kila mtungi umefungwa kitambaa cha rangi ya mwenyewe. Lakini joto la njia ile mnalijua, ukichelewa kidogo maziwa yanaharibika, na wanawake walishaanza kunong'ona kwamba watahamia kwa lori la barafu la Hassan. Wakihama hao mimi nimekwisha, maana kazi nyingine siijui na shule niliiona kwa nje tu. Basi nikatafuta friza, ile ya sola inayokula betri, nikaifunga nyuma ya pikapu, na friza ikamaliza betri kabla hatujafika nusu ya safari.

Mzee Ali wa duka la spea akaniambia altaneta yangu, ile inayochaji betri injini ikizunguka, ni ya kulisha taa na honi, nikitaka kulisha friza nipate kubwa zaidi. Akanitafutia moja iliyotolewa kwenye ambulensi iliyokufa. "Lakini mama," akasema, "hii inataka waya mnene kutoka kwake mpaka kwenye betri. Ule wa zamani ni mwembamba, usiuache."

Fundi Bishar (huyu ndiye wa kwanza, mwandikeni) alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama, huo waya ulitoka Japani na gari. Mjapani hakosei. Ali anataka kukuuzia waya, basi."

Ilikuwa Jumatano, harusi niliyoahidi maziwa ni kesho yake, na waya mnene Ali angeutafuta mpaka jioni. Nikasema maneno mawili tu: "Funga hivyohivyo." Yote yaliyonipata yalitoka kwenye maneno hayo mawili.

Alhamisi tukatoka alfajiri, mitungi imejaa, friza inanguruma vizuri, mimi moyoni naimba. Dereva alikuwa Dekow, ndugu ya marehemu. Tumeenda, tumeenda, Dekow akasema, "Shemeji, kuna kitu kinaungua." Nikanusa. Sikilizeni ujinga wangu: sisi chombo cha maziwa tunakifukiza kwanza kwa moshi wa kuni ndiyo maziwa yakae, na asubuhi ile nilikuwa nimefukiza mitungi yote kwa mkono wangu, kwa hiyo mtandio, nywele, vidole, vyote vilinuka moshi. Nikamwambia, "Ni mimi huyo unanisikia harufu."

Akanusa tena. "Leo umefukiza na plastiki, shemeji?"

"Angalia barabara!"

Akaongeza miraa shavuni akakanyaga mafuta (huyu wa pili, maana dereva ana pua yake mwenyewe). Tukaingia kwenye harusi kwa honi, wanawake wakapiga vigelegele, na papo hapo moshi ukatoka kwenye boneti. Dekow akafungua boneti, akaona moto, akakimbia. Miraa yake aliikumbuka, mimi alinisahau. Maji hayapo, mchanga nichote kwa nini, nikanyakua mtungi ulio karibu, wenye kitambaa chekundu, wa Saadia. Hapo ndipo mlipoanza kuniona.

Moto ulizimika, hilo niseme. Waya wa Mjapani ulikuwa umekatika vipande, ganda lake limeyeyuka kama mafuta ya mkia wa kondoo. Maziwa yaliyobaki yalikuwa baridi na matamu, lakini Kheyra, mama yake bwana harusi, alifunika pua akasema, "Hayo ya moshi wa gari hatunywi," akatuma mtu kwa lori la Hassan. Kufika Ijumaa jina langu mjini lilikuwa Nyonyesha-Gari, na jina la utani kwetu mtu anazikwa nalo.

Nilienda kwa Saadia nikijua atanipeleka kwa wazee nimlipe. Yeye akasema: "Wahenga wetu walisema maziwa yakimwagika, shika yaliyobaki. Kesho unakuja kuchukua, au huji?"

Wallahi nililia. Halafu nikaenda dukani kwa Mzee Ali, yeye akakaa kwenye kiti akaonyesha kwa fimbo, mimi nikafunga kwa mkono wangu: waya mnene kama kidole gumba, fiusi kubwa jirani na betri, nati nimekaza mpaka mshipa umesimama shingoni. Tangu siku ile friza haijazima, na hakuna mtungi ulioharibika.

Miezi ikaja, miezi ikapita, bibi harusi akajifungua, ikafika sherehe ya arubaini ya mtoto. Siku hiyo barafu ya Hassan iliyeyuka njiani. Nani akanipigia simu? Kheyra. "Abaayo, ile gari yako... bado ina friza?"

Nilienda! Wazee walikunywa maziwa baridi mpaka wakakunja uso kwa ubaridi wake, yule mjomba akarudisha kikombe mara tatu aongezewe. Na Bishar alikuwepo, mgeni mwalikwa, kala kashiba, kaingia kwenye gari yake kuondoka. Haikuwaka. Betri imekufa kabisa. Nikasogeza pikapu, nikaunga waya betri kwa betri, gari yake ikawaka mara moja tu. Mjomba akapiga paja: "Bishar, na wewe umenyonyeshwa!" Vigelegele vile sijawahi kusikia hata kwenye harusi yangu. Jina lilitoka kwangu likamhamia, na amestahili.

"Funga hivyohivyo" sitaisema tena nikiwa hai. Lakini mpaka leo Bishar anakaa kibandani kwa chai anasema ni moshi wa mitungi yangu uliounguza waya. Moshi wa kuni, uunguze waya! Kipande cha waya ule ninacho, kinaning'inia kwenye kioo cha pikapu. Bishar, njoo mbele ya watu walewale, ukishike, utuambie: kilikuwa chembamba au hakikuwa? Na usije mikono mitupu. Njoo na mtungi wa Saadia, umejaa mpaka juu, umefungwa kitambaa chekundu.