Sekunde Kumi za Hotuba

Fundi wa vipaza sauti alikuwa amekaa mwishoni mwa ukumbi wa mikutano wa mji miaka ishirini na sita, na hotuba alizipima kwa kikohozi. Watu wakichoka, hukohoa.

Siku hiyo jukwaani alipanda binti mmoja, mwanasayansi kijana aliyechunguza maji ya mabomba ya mji. Dakika sita nzima akawataja waheshimiwa kwa vyeo vyao. Ukumbi ukakohoa kama wodi ya kifua.

"Huyu naye kameza kamusi," fundi aliguna aliposikia "mustakabali" kwa mara ya nne.

Ghafla karatasi zikamponyoka binti, zikatawanyika sakafuni. Akainua uso, akasema: "Maji ya shule ya mwanangu yana sumu. Nimeyapima mara tatu. Leo asubuhi ameyanywa."

Hakuna aliyekohoa. Mkurugenzi wa maji, pale mbele, akaacha kuchezea simu.

Lakini mshereheshaji, bingwa wa kujikomba, akaziokota karatasi mbiombio, akamrudishia. Binti akaendelea: "Waheshimiwa, katika muktadha huo..." Mkurugenzi akarudi kwenye simu. Mwishoni wakampigia makofi, wakasifu usomi wake, na hakuna aliyeuliza ni shule gani.

Binti akaja kumrudishia fundi kipaza sauti, uso umechanua. "Shikamoo mzee. Nimeongeaje?"

"Marahaba. Umeongea sekunde kumi, mwanangu, karatasi zilipokuwa chini. Kwingine kote umewapigia magoti."

Binti akanuna. Alitaka kujibu, lakini aliitwa akapige picha na mkurugenzi, akaenda mbio.

Fundi akasonya, akazima mitambo.