Bango Linasema Otilia Amepona

Saa moja asubuhi, Otilia Marseli anakanyaga cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa la Mama Sabrina, Maisaka mjini Babati. Anapanua gauni la zamani la bluu, na si la mteja. Yeye mwenyewe amevaa blauzi ya mikono mirefu, kama anavyovaa kila siku, hata jua likiwaka.

Ng'ambo ya barabara linaning'inia bango la mganga wa mitishamba anayejiita, kwa unyenyekevu mkubwa, Profesa Herieli. Linatangaza mzizi unaomaliza kifafa. Chini ya maandishi anatabasamu Otilia, mabega wazi, ngozi laini. Pembeni limeandikwa neno moja: AMEPONA.

"Alinipiga picha nikiwa na wiki ya tatu ya mzizi," anasema fundi huyo mwenye miaka 34. "Kweli nilikuwa sijaanguka. Lakini nilikuwa bado nameza vidonge vya hospitali. Hakuniuliza."

Ushahidi ulikuwa umekamilika. Baada ya utafiti huo mzito, wa mgonjwa mmoja na picha moja ya simu, Profesa alisikia habari ya vidonge, akamwagiza aviache kwa kuwa vinagombana na mzizi. Otilia akatii.

Wakati huo alikuwa akikaanga maandazi ya kuuza. Mwezi haujaisha, kifafa kilimwangusha kwenye jiko. Majirani walikuwepo wa kutosha, ila walisimama mbali wakiogopa kwamba povu la mdomoni huambukiza. Haliambukizi. Aliyekimbia kumvuta ni Mama Sabrina, na mpaka leo hajaugua chochote isipokuwa hasira.

"Wanaume wazima wanaogopa mate," anasema mwenye duka huyo. "Halafu jioni wanakuja kuniuliza kama na mimi nimeanza kuanguka."

Mkono wa kushoto wa Otilia uliungua kuanzia kiganjani hadi begani. Hospitali ilimrudisha kwenye vidonge, na tangu hapo hajaanguka. Alipotoka wodini alimfuata mganga, akamwomba aondoe picha.

Profesa alimsikiliza kwa utulivu wa kisomi. Akamweleza kwamba mgonjwa asiyerudi kwake huhesabiwa amepona, na yeye hakurudi.

"Nikamwambia nilikuwa wodini na bandeji," anasimulia Otilia. "Akasema basi mzizi ulinifuata huko huko."

Wiki iliyopita Evangelina, mkulima wa Nakwa, alimleta binti yake anayetumia vidonge hivyo hivyo. Alikuwa ameona bango, akamtambua Otilia. Alitaka kujua mzizi unapatikana wapi, na kama vidonge avitupe. Otilia hakuhubiri. Alipandisha mkono wa blauzi. Mama yule alitazama mkono, akatazama bango, akashika njia ya kurudi nyumbani na vidonge vyake.

"Huyo alipita kwangu. Wasiopita je?" anauliza Otilia, na kwa mara ya kwanza mguu unaacha kukanyaga. "Sisemi mizizi yote ni uongo. Wenye maabara waupime mzizi wake, na sisi tulioungua watuhesabu. Ukitibu, nitaununua wa kwanza. Lakini Profesa asiuze ugonjwa wa watoto wa watu kwa sura yangu."

Jumamosi ni siku ya mnada, barabara hiyo hujaa watu. Amepanga kuhamishia cherehani ng'ambo, chini kabisa ya bango, na kushona hapo kutwa nzima.

Anakata uzi, anainua lile gauni la bluu. Ndilo alilovaa kwenye picha.

"Nimelipanua kiunoni tu," anasema. "Mabegani litabaki wazi vile vile."