Masazo ya Kikombe Cheupe

Kwetu Ugalla mwanamume hamalizi chombo. Iwe uji, iwe pombe ya asali, baba alikunywa akabakiza, kisha akakisukuma kikombe kwa mama. Hayo yalikuwa masazo ya mama, na mwanamume aliyekausha kikombe alisemwa kijiji kizima. Nilikua nikiiona hiyo kuwa tabia nzuri kuliko zote. Sasa naichukia.

Miaka ile ya tisini baba, mrina asali aliyezoea kupanda miti mirefu, alianza kukonda. Chakula kilimkaa chini ya kifua, kisha kikarudi. Mama naye alikuwa na maumivu yake ya tumbo, ya siku nyingi, lakini lazima mtu abaki na wadogo zangu. Mimi ndiye niliyempeleka baba. Tukapanda treni Mpanda hadi Tabora, kwenye hospitali iliyokuwa na mashine ya picha.

Mpiga picha alikuwa mtu mpole. Alieleza kwamba eksirei huona mifupa, tumbo haioni vizuri. Kwa hiyo baba atakunywa maji mazito meupe yatakayolipaka tumbo kwa ndani, na umbo lake litaonekana, uvimbe ukiwemo. Nikamweleza baba yote kwa Kikonongo, lugha yetu, na jambo moja nikalirudia: hayaponyi, yanaonyesha tu.

"Umalize yote, mzee," mpiga picha akasema. "Ukibakiza, na sisi tutaona nusu."

"Nitamaliza, mwanangu."

Baba akapewa kikombe chake, akaingia chumba cha kubadilishia nguo akiwa na mfuko wake. Mimi nikaambiwa nisubiri nje.

Baadaye daktari aliiinua picha dirishani, akaitazama kwa muda. Weupe ulikuwa umepita mwembamba, na sehemu nyingine haukufika kabisa. Akauliza kama mzee alikunywa yote. Baba akaitikia. Basi daktari akasema haoni uvimbe, huenda ni vidonda, akatuandikia vidonge. Nilifurahi mno. Ndani ya behewa nilikula karanga na kucheka na watu nisiowajua, huku baba ameukumbatia mfuko wake utadhani kabeba mayai.

Tulipofika nyumbani, hata koti hajavua, akatoa chupa tuliyobebea asali ya safari. Ndani mlikuwa na maji meupe.

"Nimekubakizia," akamwambia mama. "Mimi nimekunywa, na wewe unywe."

Nilimwambia mama maji yale ni ya nini, nikamgeukia baba kwa hasira ambayo binti haruhusiwi kuionyesha kwa mzazi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akajibu taratibu kwamba kitu kizito vile, kinachofuatwa kwa treni, hakiwezi kukosa faida tumboni mwa mtu, na yeye angekunywaje peke yake wakati mama anaumwa.

Nikasema turudi Tabora. Mvua zikakata reli. Treni ilipoanza tena kutembea, baba alikuwa hawezi kukaa. Uvimbe ambao picha haikuuona ulikuwa sasa unashikika kwa mkono. Alikufa kabla mahindi hayajakomaa.

Wema hauozi, husema watu. Mimi niliuona umetuama chini ya chupa, mgumu kama chokaa. Siku hizi nasikia wataalamu wana chembe za chuma, ndogo kuliko vumbi, zinazoingizwa kwenye damu ili mashine ya sumaku ione ugonjwa ulipojificha. Aliyenieleza alishangaa nilipomuuliza zinaingizwaje. Kwa sindano, akasema. Nikawaza kwamba sindano haibakizwi.

Mama hakuitupa ile chupa. Siku moja nilimkuta mlangoni akiitikisa, maji yakizunguka juu na ule weupe umegoma kabisa kuchanganyika.

"Angekuwa mchoyo siku moja tu," akasema, akairudisha mahali pake.