Wino wa Miwati na Sura ya Nehemia

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumamosi moja ya mwezi wa Julai pale Yakobi, Mwingereza akiwa bado anatawala. Ukungu ulikuwa umekaa siku tatu bila kuondoka. Nilisimama mbele ya karatasi niliyoichora mwenyewe, nikaona wino unatembea.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kuchora nilijifundisha mwenyewe nilipokuwa naishi Makambako. Mkaa peke yake haukunitosha. Nilichanganya mkaa, masizi ya sufuria, udongo mwekundu wa barabarani niliouchuja kwa kitambaa, na wino wa magome ya miti ya miwati. Magome hayo ukiyachemsha hutoa maji mekundu. Ukitia misumari yenye kutu, maji yanageuka meusi kama lami. Kila mchanganyiko niliujaribu kwenye kipande cha karatasi, nikaandika pembeni kwa penseli: magome konzi mbili, misumari saba, udongo kijiko kimoja. Kipande kikikaa ukutani wiki mbili bila kuharibika, niliandika katika daftari langu: sawa. Neno hilo ndilo lililoniponza.

Makambako hewa ni kavu, na upepo hukausha kila kitu. Nilipohamia Yakobi, fundi seremala aliyeitwa Mzee Zakaria alinipa chumba nyuma ya karakana yake. Nilikuja na daftari langu, wala sikujaribu upya hata mchanganyiko mmoja.

Hapo jirani aliishi mjane, Mama Nehemia, tuliyesali naye kanisa moja. Mwanawe alikwenda vitani Burma na askari wa keya, jeshi la Mwingereza, hakurudi. Kaburi lake hakuna aliyeliona. Alichobaki nacho mama yake ni picha moja ya kamera, ndogo kama kiganja cha mtoto, Nehemia akiwa amevaa kofia na sare. Aliniletea ikiwa imefungwa kwenye leso.

"Mchore awe mkubwa," alisema. "Mjukuu wangu amwone baba yake. Hakumkuta."

Tulikubaliana angekuja kuichukua Jumapili, baada ya ibada.

Hapo nikajiona mjuzi. Kwa nini ninakili sura, na sura yenyewe ninayo mkononi? Niliibandika picha ile katikati ya karatasi kwa uji mzito wa ngano. Nikachora mabega kwa mkaa, barabara kwa udongo, na mbingu nzito kwa wino wa miwati, hadi kwenye kingo za picha. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikafurahi. Mwenye picha sikumwuliza.

Kisha ukungu ukashuka. Karatasi ililegea, wino ukaanza kusambaa. Jumamosi hiyo nilikuta umepita chini ya picha na kutokeza kwenye kidevu cha Nehemia. Nilichovya kitambaa kwenye maji, nikapangusa. Nilipokiinua, shavu na mdomo wake vilikuwa kwenye kitambaa. Juu ya picha palibaki kofia na jicho moja.

Mwanangu, nimewahi kukutana na chui njiani, lakini hofu ya saa ile sijaiona tena. Kila kishindo cha miguu nje nilidhani ni yeye. Nikaanza kutunga uongo, nao niliutunga kwa utaratibu kama nilivyotunga wino. Paa limevuja. Mwizi ameingia. Panya ameila. Huo wa panya niliupenda, hata nikatafuta tundu ambalo angeweza kuingilia. Halafu nikasema, hapana, nitauchora mdomo ule upya bila mtu kujua. Nikafumba macho niukumbuke. Sikuukumbuka. Siku kumi nilikuwa na sura ya mtoto wa watu mezani kwangu, nami nilikuwa natazama wino wangu tu. Hapo ndipo niliogopa kabisa.

Nilikunja blanketi ili niwahi lori la Makambako. Mzee Zakaria alikuwa amesimama mlangoni, randa mkononi.

"Unahama na ukungu huu?"

"Naenda Makambako mara moja, baba."

"Mara moja, na blanketi?"

Nilimwonyesha. Aliitazama karatasi, akafuata kingo za picha kwa kidole.

"Alikupa uibandike?"

"Alinipa niitazame, nichore."

"Basi umemzika mara ya pili, na safari hii mama yake yupo hapa hapa." Alilichukua blanketi, akalirudisha kitandani. "Kesho mwambie kabla hajauliza. Akikuwahi kuuliza, utamwambia ni panya."

"Umejuaje habari ya panya, baba?"

"Nimekuwa fundi miaka thelathini. Panya huyo namfahamu."

Jumapili Mama Nehemia alifika. "Kamwene," alisema, nami nikaitikia. Kwetu salamu haikatwi. Utaulizwa habari za nyumbani, baridi, mahindi, ng'ombe, mpaka wote wawili mnyamaze. Yote niliyajibu salama. Aliponyamaza tu, nikasema, "Mama, nimeiharibu picha ya Nehemia. Niliibandika bila kukuuliza, kisha nikamfuta uso kwa mkono wangu."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliinama juu ya karatasi, akaweka kidole karibu na lile jicho bila kuligusa.

"Hili lipo," alisema. Baadaye akauliza, "Mkaa unao?"

Alikaa kwenye benchi la seremala, akafumba macho. Yeye alisema, mimi nikachora kwa mkaa mtupu kwenye karatasi mpya. "Mdomo wa chini mnene zaidi. Huyo anacheka, mwanangu hakuwa mtu wa kucheka ovyo." Nikafuta kwa kitambaa kikavu, nikarudia. Mkono ulitetemeka hadi alasiri. Mwishoni alifumbua macho.

"Sikio si lake," alisema. "Liache."

Alizifunga picha zote mbili, akaondoka. Kwa wiki mbili alinisalimu kwa neno moja tu. Jumapili ya tatu aliniuliza habari za ng'ombe wangu. Sikuwa na ng'ombe, lakini nilijibu salama, nikaenda nyuma ya kanisa nikalia.

Basi mwanangu, jaribu kila kitu, sikukatazi. Lakini jaribu kwenye karatasi yako, na hapo ambapo kazi itakaa, kwenye ukungu wake. Cha mtu usikiguse kabla hajakujibu. Ukishaharibu, sema mapema, kabla hujampenda panya wako. Mungu akupe mkono usiotetemeka; na siku utakapotetemeka, akupe mtu wa kusimama mlangoni na kulirudisha blanketi lako kitandani.